Kabla Kikosi Maalumu Hakijafika

Tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, Texas, moto kwenye ghala la mbolea uliripotiwa saa 1:29 jioni. Saa 1:51 ghala likalipuka. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao ni waliokwenda kupambana na moto huo, wengi wakiwa zimamoto wa kujitolea. Dakika 22. Huzikumbuka kila ninaposikia kwamba dawa ya ajali za kemikali ni kuunda kikosi maalumu chenye mavazi ya kinga na vipima gesi vya kisasa.

Hoja hiyo ina uzito wake. Mtungi wa klorini ukivuja, aliyehudhuria semina ya siku moja hawezi kuuziba. Anatakiwa mtu aliyezoea kufanya kazi ndani ya suti iliyofungwa kote, joto likipanda, vidole vikiwa vizito kwa glavu, na hewa ya mgongoni ikihesabika kwa dakika. Ujuzi huo hufifia usipofanyiwa mazoezi, kwa hiyo kuwakabidhi wachache wanaoutumia mara kwa mara ni busara. Wanaotetea vikosi huongeza kwamba mafunzo mafupi huleta ujasiri wa bure: mtu akishajua majina mawili matatu ya gesi, anajiona mtaalamu. Hilo nalo hutokea.

Lakini kikosi kimoja huhudumia eneo kubwa. Kikiitwa, hukusanyika, husafiri, hupima, ndipo kivae. Dakika ya kumi yupo nani pale? Ni trafiki aliyekuta lori limepinduka, wahudumu wa gari la wagonjwa na zimamoto wa kituo cha jirani. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinawagawa waokoaji katika ngazi tano. Fundi anayeziba uvujaji hutakiwa kupata mafunzo ya saa zisizopungua 24, na anayezuia madhara kwa mbali saa 8. Ngazi ya kwanza, ya utambuzi, haikuwekewa saa hata moja. Kinachodaiwa ni mafunzo au uzoefu wa kutosha kuonyesha kwamba mtu anaiweza kazi. Hapo ndipo ninapokwama. Wanaotangulia kufika ndio walioachiwa kipimo kilicho legevu kuliko vyote.

Wala kinachofundishwa kwenye ngazi hiyo si kidogo. Chukua lori lililolala ubavu, nyuma yake kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, mojawapo ya vile vinavyotumika Ulaya na kwingineko: ya juu hutaja aina ya hatari, ya chini hutaja kemikali yenyewe. Juu 33, chini 1203: hiyo ni petroli, na tarakimu ya juu ikirudiwa ujue hatari yake imezidi. Juu X423, chini 1428: hiyo ni sodiamu, na ile X inakataza maji. Asiyeijua atafungua mpira wa maji kama alivyozoea kwenye moto mwingine wowote, na atakuwa ameuchochea. Namba hizo husomwa kwa darubini, ukiwa upande unakotoka upepo. Kisha nyoosha mkono, inua dole gumba, fumba jicho moja: dole lisipofunika eneo lote la ajali, bado uko karibu mno. Ni makadirio tu, lakini hayahitaji betri wala bajeti.

Wapinzani huuliza: kibao kikikosekana je? Swali ni gumu kweli. Bandarini Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, zimamoto walitumwa ghalani bila kuambiwa kwamba mna nitrati ya amonia, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, na watu 10 wa timu hiyo wakafa. Lawama hapo ni ya waliojua wakanyamaza. Ila Kansas City, Marekani, tarehe 29 Novemba 1988, waliokwenda kuzima moto kwenye eneo la ujenzi wa barabara waliambiwa kuna baruti, na bado 6 waliuawa na mlipuko. Habari ilikuwepo. Mtu aliyelelewa kikazi kuukimbilia moto harudi nyuma kwa neno moja la redioni. Lazima awe amefanya mara nyingi zoezi la kusimama mbali, kuondoa watu na kusubiri, hadi limkae mwilini.

Na si moto peke yake. Jijini Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, gesi ya sarini ilipoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi, wahudumu 135 kati ya 1,364 wa huduma ya dharura walipata dalili za sumu. Mvuke ulitoka kwenye nguo za wagonjwa ndani ya magari yaliyofungwa madirisha. Kumvua mgonjwa nguo za nje kabla ya kumpakia na kufungua madirisha ni mambo ambayo mhudumu yeyote anaweza kufundishwa kwa siku moja.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, ningeanza na utambuzi kwa kila anayefika kwanza, urudiwe kila mwaka kwa vitendo, ndipo suti zinunuliwe. Anayepokea simu za dharura naye aketi darasani. Ndiye anayeweza kuuliza moshi una rangi gani, kuna harufu gani, upepo unaelekea wapi na ghalani mna nini, na kumwambia dereva barabara ya kupita kabla gari halijatoka kituoni.