Kibiongo ni mtu, si mkao

Asubuhi moja ya Julai, kwenye daladala ya Uyole kwenda Mwanjelwa, mama mmoja alimkemea mwanawe aliyekuwa ameinamia simu: "We, kaa vizuri! Utakuwa kibiongo!" Kijana akanyoosha mgongo papo hapo. Kiti cha mbele yao alikaa bibi ambaye mgongo wake umepinda kiasi kwamba kidevu kilikaribia kugusa kikapu alichokipakata. Mama alipomwona akashtuka. "Samahani, bibi, sikukusema wewe." Bibi akajibu, "Haya, mwanangu," akakivuta kikapu karibu zaidi. Hakuna aliyeongea tena mpaka tulipofika.

Tangu siku ile nimekuwa nikilipima neno hili. Kibiongo ni mtu mwenye mgongo uliopinda au uliotoka nundu. Ndivyo linavyoeleweka kila mahali Kiswahili kinaposemwa. Lakini kwenye madarasa na sebule zetu, Mbeya hadi Iringa, limekuwa kemeo la mkao: mwanafunzi anayelala juu ya dawati, fundi cherehani aliyejikunja, kijana na simu yake, wote wanaambiwa wanageuka vibiongo.

Wanaolitetea wana hoja, na sitaki kuzipuuza. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba ukimwambia mtoto "rekebisha mkao wako" hasikii, ila ukitaja kibiongo anakaa wima hata kabla hujamaliza. Ni kweli, nilijionea mwenyewe kwenye daladala. Wanasema pia kwamba tukianza kufukuza maneno kwa sababu yanauma, tutabaki na Kiswahili cha maelezo marefu, na dharau itahamia kwenye neno jipya kama ilivyokuwa kwenye la zamani. Tena wapo wazee wanaojiita hivyo wenyewe bila kinyongo: "Njoo umsaidie kibiongo wako mzigo." Nani atawasahihisha?

Upande wa pili kuna wanaosema ubaya uko kwenye ki- yenyewe, kwamba inamgeuza mtu kuwa kitu. Hapo naona wanakosea. Kiongozi ana ki-, kijana ana ki-, kinyozi vilevile. Dharau huonekana kwenye upatanisho. "Kibiongo yule amefika" ni kumtaja mtu. "Kibiongo kile kimefika" ni kumtukana, na kila mzungumzaji anahisi tofauti hiyo hata kama hajawahi kusikia habari za ngeli. Sheria yetu ya mwaka 2010 iliitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ikatanguliza mtu. Ni jambo jema, ila halitoshi kulifuta neno midomoni mwa watu, wala sidhani lazima lifutwe.

Shida yangu ni nyingine, na ni nzito kuliko adabu. Neno hili likitumiwa kwa mkao linadanganya kuhusu mgongo.

Kwanza, mgongo wa binadamu haukunyooka kama rula. Una pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni, na zile za kifua hupinda kidogo kwa kila mtu. Anayekaa vibaya akiambiwa ajinyooshe, ananyooka, na akilala chali mgongo unalala naye. Ule wa kibiongo haunyooki kwa kukemewa. Huenda pingili zimebonyea kwa mifupa kudhoofika uzeeni, huenda alizaliwa hivyo, huenda zilikua vibaya wakati wa balehe.

Na huenda ni kifua kikuu. Watu wengi wanakijua cha mapafu tu, lakini kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, kikala pingili mpaka zikaanguka mbele na nundu ikachomoza nyuma. Mtoto huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyoisha, pengine homa na jasho la usiku, anakonda, baadaye miguu inaweza kupoteza nguvu. Ugonjwa huu una dawa, na katika vituo vya serikali matibabu ya kifua kikuu ni bure. Sasa mfikirie mtoto huyo nyumbani. Kila anapojikunja kwa maumivu anaambiwa "acha kujikunja, utakuwa kibiongo". Wiki zinapita, miezi inapita, wote wakiamini ni tabia. Neno limemfanya mgonjwa kuwa mkaidi. Hilo ndilo linaloniuma.

Halafu sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu nyingi mno za kuinama, hatuwezi kuziweka zote ndani ya neno moja. Mtoto humwinamia mzee au humpigia goti anapomsalimia. Ukienda Iringa, "Kamwene" hutamkwa mwili ukishuka. Mwezi wa Juni na Julai tunajikunyata kwa baridi, mabega yakipanda mpaka masikioni. Anayelima viazi Uporoto kwa jembe la mkono huinama tangu asubuhi, na wachuma chai wa Mufindi na Rungwe hubeba majani mgongoni. Kiswahili kinajua haya. Kina kuinama, kujikunja, kujikunyata, kupinda mgongo, na kina kujipinda, yaani kufanya kazi kwa bidii. Mama aliyejipinda kusomesha watoto tunamsifu.

Kwa hiyo kati ya pande mbili nasimama hapa: neno libaki, limtaje mtu, kwa upatanisho wa mtu, na hasa pale yeye mwenyewe alipolikubali. Mkao tuutaje kwa vitenzi, kwa sababu kitenzi kinamwambia mtoto afanye nini. "Inua mabega" ni fupi kama kemeo lolote, na "umekaa umepinda, panakuuma?" inafungua mlango ambao "utakuwa kibiongo" inaufunga.

Nyumbani nimeshabadili. Namwambia mwanangu, "Baba, inua kichwa, simu ije juu." Jioni moja alijibu kwamba pana sehemu panamuuma. Nikampapasa pingili moja moja kutoka shingoni kwenda chini, yeye akicheka kwa mtekenyo, mpaka tukapafikia: ni pale mkanda wa begi la shule unapokaa.