Njoo na kazi kabla haijaisha

Kikundi chetu cha kushona viraka kina wanawake saba, na hukutana Jumamosi moja kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu hapa Mombasa. Tunakula kwanza: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Tui la mbaazi likiingia kwenye kitambaa cheupe halitoki upesi, kwa hiyo ni mpaka sinia ziondolewe na kila mtu anawe kwa sabuni ndipo mifarishi, yaani matandiko ya viraka tunayoyashona, inatandikwa mkekani.

Siku hizi baadhi yetu wanaona haya kuleta kazi isiyokwisha. Wanataka mfarishi uje umepigwa pasi, upigwe picha, usifiwe, ukunjwe. Mimi siafiki hata kidogo. Kazi iliyokwisha tutaipongeza tu. Ile ambayo bado ina bandi, ile mishono ya muda, ndiyo tunayoweza kuisaidia.

Mwezi uliopita mwenzetu alileta mfarishi wa vipande alivyovikata kutoka leso ya marehemu mama yake. Jina la leso lilikuwa "Wema hauozi". Alikata miraba ya inchi 5 bila kuangalia maandishi, na tulipoutandika, "hauozi" lilikuwa juu peke yake, "wema" liko chini kabisa, tena limepinduka. Yeye hakuwa ameona. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ameshona maisha yake yote, aliangalia kimya, kisha akaweka kidole pale.

"Mwanangu, mama yako usimgawe hivi."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Fumua. Jina lirudi pamoja, likae katikati."

Zilikuwa safu nne zilizokwisha kushonwa. Tulizifumua sote, kila mmoja na wembe wake na mshono wake, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Alilia kidogo, akaendelea kufumua. Lau angeuleta umeshatiwa pamba na kufungwa pindo, nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Wapo wanaotuambia viraka ni dalili ya umaskini, au ni mambo ya Wazungu. Nawakumbusha leso yenyewe ilikotoka. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa kwenye jora, hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, wakashona mistari miwili pamoja ikawa nguo ya kujifunga, ya leso sita. Jina linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na Mombasa hatujaliacha. Nguo tunayofungia watoto mgongoni ilianza kwa kuunganishwa vipande.

Mengine madogo nayo tunajifunza pale pale chai ikimiminwa. Leso mpya ina kanji na hurudi ikifuliwa, basi ifue kabla ya kukata. Nyekundu iloweke peke yake, maana huchuja. Blanketi kuukuu lililolainika hufaa kutiwa ndani kuliko pamba ya dukani, kwa joto letu hili. Haya sikuyapata kwa mwalimu yeyote. Niliyapata nikiwa na hamri mkononi.

Jumamosi ijayo zamu ni yangu. Mbaazi nimeshanunua. Mfarishi wangu umeanza kwenda upande tangu safu ya tatu, na nimeupima mara mbili bila kuliona kosa. Nitautandika hivyo hivyo ulivyo, na bandi zake.