Desibeli 96 za kumkomoa nani?

Krosova, yaani vichujio vinavyogawa sauti katika bendi za chini na za juu, kila bendi na spika yake, imekuwa mashindano sasa. Mteremko wa desibeli 24 kwa oktava (sauti inavyoshuka kila masafa yanapozidi au kupungua maradufu kupita mpaka) eti ni wa kizamani, 48 ni wa wanafunzi, fundi wa kweli anaweka 96. Haya, kata besi kwenye 100 Hz kwa ukali huo, tena kwa fezi nyoofu (masafa yote yakichelewa sawasawa), halafu mpe mwimbaji maiki ajisikilize kwenye monita.

Kichujio cha FIR (kinachozidisha sampuli za sauti kwa orodha ya namba, koefishenti) chenye fezi nyoofu huchelewesha sauti kwa nusu ya urefu wake. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kukata kwa ukali kule chini kunadai koefishenti kama 4,095. Nusu yake ni sampuli 2,047, yaani milisekunde 42.6, bado bafa (akiba ya muda) ya kadi ya sauti. Ni kama umeisogeza monita mita 14 na nusu mbali na mwimbaji! Na kila pigo la ngoma linatanguliwa na mlio wake. Kwa albamu studioni, sawa. Jukwaani hapana.

Jukwaani weka krosova ya aina ya Linkwitz-Riley ya desibeli 24: vichujio viwili vya Butterworth (aina isiyo na mawimbi kwenye bendi inayopita) vya daraja la pili, Q (kipimo cha mwitikio wa kichujio karibu na mpaka) 0.707, kimoja nyuma ya kingine. Kila upande unashuka desibeli 6 mpakani, fezi zinakwenda pamoja, jumla inatoka bapa. Oktava moja kupita mpaka, bendi ya chini imeshashuka desibeli 24.6. Twita (spika ndogo ya sauti za juu) dhaifu iliyokatwa chini sana inahitaji 48, hilo nakubali shingo upande. Ila zile hatua zake zenye Q 1.307 ndizo zinazovuma baada ya pigo kwisha. Vichujio vya eliptiki, vile vikali kupindukia, waachieni wapimaji.

Wengi wanaharibu kwenye bendi tatu. Ukigawa kwanza kwenye 400 Hz, kisha sehemu ya juu kwenye 2,000, besi nayo lazima ipite kwenye kichujio cha kupitisha yote (kinachogeuza fezi tu, si ukubwa) cha 2,000 Hz, daraja la pili, Q 0.707. Usipofanya hivyo fezi hazilingani na jumla inapata mabonde, makubwa zaidi kadiri mipaka inavyokaribiana. Na kwa mipaka ya chini, hesabu za biti 64 tafadhali, usahihi usipotee.

Kupima, pitisha pigo la sampuli moja, jumlisha bendi, tazama grafu ya ukubwa: iwe mstari mnyoofu. Msitoe jumla hiyo kwenye sauti asili mkitarajia kimya, halafu mkalalamika krosova ni mbovu. Fezi imezunguka, sauti hizo mbili haziwezi kufutana.