Turubai la Stratford na tamthiliya tulizozifungia kabatini

Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare kwa Kiswahili, tuliisoma darasani kwa zamu, kila mmoja na mistari yake, mwalimu akitukatiza kuuliza maana ya msamiati. Aliyesoma sehemu ya mkopeshaji alikuwa na kigugumizi kidogo, na bado alitushinda sote. Hakuna aliyeinuka kwenye dawati lake. Mtihani ukaisha, vitabu vikarudi kabatini.

Ndiyo maana nikiufikiria msimu wa 1955 wa tamasha la Stratford nasikia wivu. Sisemi Stratford ya Uingereza alikozaliwa Shakespeare, nasema ile ya Ontario, Kanada. Kiangazi kile chini ya hema lao la turubai waliigiza Julius Caesar, The Merchant of Venice, na Oedipus ya Sophocles. Zote tatu tunazo kwa Kiswahili! Mwalimu Nyerere alimtoa Kaizari mwaka 1963, akairudia kazi yake na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye akatupa Mfalme Edipode mwaka 1971. Msimu mzima wa watu umelala kwenye rafu zetu.

Na wale hawakuwa matajiri. Stratford ulikuwa mji wa reli, ukiishi kwa karakana ya kutengeneza vichwa vya treni vya mvuke. Dizeli ilipoanza kuchukua nafasi ya mvuke, watu wakaiona njaa inakuja. Mwandishi wa habari mzaliwa wa hapo, Tom Patterson, akasema tufanye tamasha la Shakespeare. Halmashauri ya mji ikampa dola 125 aende New York kumtafuta mwigizaji maarufu Laurence Olivier. Hakumpata. Baadaye akampigia simu mwongozaji Tyrone Guthrie, na Guthrie akaja. Usiku wa tarehe 13 Julai 1953, mwigizaji Alec Guinness alisimama chini ya turubai kama Richard wa Tatu. Kabla ya hapo fedha zilikauka kiasi kwamba mkandarasi aliendelea kujenga bila kulipwa. Mvua ikinyesha, sauti za waigizaji zilimezwa na kelele za maji juu ya turubai, na hata filimbi za treni zilijipenyeza katikati ya maneno ya wafalme.

Lakini kinachonivutia zaidi ni jukwaa. Guthrie alichoshwa na jukwaa la pazia, lile la kutazama mchezo kana kwamba unachungulia dirishani. Yeye na mbunifu wa majukwaa Tanya Moiseiwitsch wakabuni jukwaa linalochomoza katikati ya watu, watazamaji wakilizunguka pande tatu. Walipojenga ukumbi wa kudumu mwaka 1957, paa lake likafuata umbo la turubai, na hakuna kiti kilichokaa zaidi ya futi 65 kutoka jukwaani.

Dunia ya maigizo ya Kiingereza ililiona hilo kuwa jambo jipya. Bibi yangu angecheka. Ngoma gani uliwahi kuitazama ukiwa umepangwa mistari gizani, kimya, mbele ya pazia? Unaizunguka, unaitikia, mtoto anapita katikati na kufukuzwa. Sisi wenye duara tukaachiwa fremu: Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka mmoja tu kabla ya lile turubai, ikiwa na jukwaa la kutazamwa kutoka mbele. Hadi leo mtu akitaka kuigiza anauliza kwanza kama ukumbi upo.

Wengine husema Kiswahili cha tafsiri zile ni kizito kwa watu wa leo. Sikubali. Kizito kikisomwa kimyakimya, ndiyo. Hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari iliandikwa isemwe mbele ya umati unaobadilika moyo, na umati hauhitaji kuelewa kila neno ili ujue unachochewa. Nenda mkutano wowote wa kampeni ukaone.

Mimi ningeanza na Edipode. Guthrie aliwavika waigizaji wake vinyago vikubwa, na mfalme akavaa cha rangi ya dhahabu. Sisi tuna mafundi wa mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, kusini mwa Tanzania, watu ambao kinyago kwao kina miguu na ngoma yake. Kiangazi cha Kanada ndicho kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, mavuno yamekwishaingia na mvua haipo, kwa hiyo hata turubai halihitajiki. Uwanja wa shule Newala unatosha, saa kumi jioni. Tamthiliya yenyewe inaanza nje, mbele ya jumba la mfalme, watu wamekusanyika wakimlilia awaokoe na maradhi. Hao hatutahitaji kuwatafuta wa kuigiza; watakuwa wamekwishafika, wamesimama duara.