Mhakiki atajwe jina, au asitajwe?

Tangu tarehe 16 Juni 2025, kila makala mpya ya utafiti inayopelekwa kwa jarida la Nature, ikifaulu kuchapwa, hutoka pamoja na ripoti za wahakiki wake, yaani wataalamu wanaoipima kabla haijachapwa, na majibu ya waandishi. Majina ya wahakiki hubaki siri, ila kwa yule anayetaka mwenyewe kutajwa. Kwa wachache hapa Lamu wanaofanya utafiti na kutuma makala, hatua hiyo imefufua swali la zamani: kama ripoti zaweza kuanikwa, majina yafichwe kwa nini? BMJ, jarida la madaktari wa Uingereza, lamwambia mwandishi jina la mhakiki wake tangu 1999. Wapo wenzetu wanaotaka majarida ya Kiswahili, ya historia ya pwani na ya mambo ya bahari yafuate mkondo huo. Anayehukumu kazi ya mtu, wasema, na ajitokeze.

Wana sababu. Mwaka 2016 daktari mmoja wa Boston, Michael Dansinger, aliandika barua ya wazi kwa mtu aliyemwibia. Alikuwa amepeleka makala kwa jarida la tiba la Annals of Internal Medicine, ikakataliwa. Baadaye akaikuta imechapwa kwingine kwa majina ya watu wengine, na mmoja wao ndiye aliyekabidhiwa kuihakiki. Miaka miwili kabla ya hapo, shirika la uchapishaji la SAGE lilifuta makala 60 za jarida moja la uhandisi kwa mpigo, baada ya kugunduliwa mtandao wa anwani za uongo za barua pepe. Wahakiki wengine walikuwa wa kubuni, na angalau mara moja mwandishi alijihakiki mwenyewe. Waziri wa Elimu wa Taiwan, ambaye jina lake lilionekana kwenye baadhi ya makala hizo, akajiuzulu.

Ukisikia visa kama hivi ni rahisi kusema kwamba siri ndiyo iliyoleta maovu. Lakini hebu tuvitazame tena. Mwizi wa Dansinger hakufichwa kwa mhariri. Jarida lilikuwa na jina lake kwenye kumbukumbu, ndiyo maana iliwezekana kuthibitisha kwamba makala ilipitia mikononi mwake. Na kule SAGE majina hayakukosekana. Yalikuwapo, ila yalikuwa ya uongo, na hakuna aliyejishughulisha kuhakikisha kwamba Profesa Fulani yupo na anwani ile ni yake kweli. Ripoti ya mtu asiyekuwapo duniani haiwi ya kweli kwa kuwa imetiwa saini. Penye uzembe wa mhariri, jina likiandikwa wazi laweza hata kumtuliza msomaji pasipostahili.

Hoja nyingine ya upande huo ni ya haki: wahakiki wafanya kazi bure, basi angalau watambuliwe. Watafiti waliojaribu kukadiria saa zilizotumika duniani kote kuhakiki makala mwaka 2020 walipata zaidi ya saa milioni 100. Ni jasho jingi hilo, na wachapishaji wakubwa walitajirikia. Anayetaka kutajwa na atajwe, hakuna anayembisha. Ubishi ni juu ya kumlazimisha asiyetaka.

Na wasiotaka ni wengi. Mwaka 2019 Nature Communications ilichapa uchunguzi wa majarida matano yaliyojaribu kuchapa ripoti za wahakiki huku yakimwachia kila mhakiki hiari ya kuweka jina. Waliokubali jina lao lionekane walikuwa asilimia 8.1. Nimekutana na takwimu hii ikitumiwa kuwasuta wahakiki: tazameni, wanane tu katika mia ndio wanaothubutu kusimama nyuma ya maneno yao. Wanaosema hivyo huruka nusu ya pili ya matokeo. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kuchapa ripoti zenyewe hakukuwafukuza watu kwa kiasi cha kutajika, wala hakukubadilisha sana mapendekezo yao, wala hakukuwachelewesha. Watu hawa walikuwa tayari maneno yao yasomwe na dunia nzima, yapimwe, yachekwe ikibidi. Walichokataa ni kufuatwa nyumbani. Mwoga huogopa hoja yake isionekane dhaifu; hawa hoja zao waliziacha hadharani.

Kabla ya kuanza utaratibu wake, BMJ nalo lilifanya jaribio. Wahakiki waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaambiwa mwandishi atajua majina yao, wengine hawakuambiwa hivyo. Ubora wa ripoti haukutofautiana kwa maana yoyote. Kilichotofautiana ni idadi ya waliokataa kazi: asilimia 35 miongoni mwa wale wa kutajwa, 23 miongoni mwa wengine. Yaani faida iliyotarajiwa haikuonekana, na hasara ikawa watu kumi na wawili zaidi katika kila mia. BMJ liliamua kwamba bei hiyo inalipika, na kwa London huenda ni kweli. Mhariri wa huko akikataliwa na huyu, humwandikia yule, na nyuma ya yule wapo wengine wengi. Kwa makala inayohusu miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa Kiamu, orodha nzima ya watu wanaoweza kuisoma miswada hiyo kwa hati ya Kiarabu, wakajua lahaja na wakajua kanuni za utafiti, yaandikika nyuma ya bahasha. Mhariri akimkosa wa kwanza na wa pili, makala hulala mwaka, au huenda kwa mtu asiyejua Kiamu.

Lakini uchache wa watu si shida pekee ya mahali padogo.

Tarehe 29 Machi 2023 Nature ilichapa utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale wa pwani yetu na bara yake, wakiwamo waliozikwa Manda na Faza. Matokeo yalijulikana haraka: kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya nasaba imetoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki imetoka Asia, nayo kwa asilimia 80 hadi 90 ni ya wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ukianzia kama mwaka 1000. Kwenye baraza za hapa mjini kila mtu alichukua kipande kilichomfaa. Sasa jaalia mmoja wa wahakiki angekuwa mtu wa Faza, na jina lake kamili, la baba, la babu na la ukoo, likachapwa chini ya ripoti. Angeuliza swali la kawaida kabisa la kitaalamu: je, waliozikwa karibu na msikiti ni mfano wa mji mzima, au ni wa matajiri wake tu? Swali hilo lingesomwa Faza, Pate na Lamu kama dai la ukoo mmoja dhidi ya mwingine. Wajomba wangempigia simu. Msikitini angeulizwa kwa upole, na upole huo ndio mzito kuliko matusi.

Utafiti wa mazingira una hatari yake pia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo kila jedwali la samaki, la matumbawe au la mikoko lililoandikwa kuhusu upande huu laweza siku moja kuwa ushahidi. Wanaozijua bahari zetu vizuri wengi wao ni waajiriwa wa serikali, au wanategemea vibali vyake. Kumwambia mtu kama huyo ahakiki makala ya athari za bandari kwa jina lake ni kumchagulia upande kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo wanaotoka kwingine hawalipi uzito: adabu. Wakubwa hawajibu barua za wahariri, kwa hiyo kazi ya kuhakiki huwaangukia vijana waliomaliza uzamivu juzi. Matokeo yake ni kwamba kijana hukabidhiwa kazi ya mwalimu wake. Rafiki yangu anayefundisha chuo kimoja cha pwani alitumiwa makala ya mikoko ya Lamu, bila jina la mwandishi. Aya ya pili tu alikwisha kumtambua kwa namna anavyopenda kuanza sentensi. Ndiye aliyemfundisha takwimu. Sehemu ya mbinu ilisema viwanja vya sampuli vilikuwa 40. Jedwali la matokeo lilijumlisha 36. Rafiki yangu aliuliza, kwa maneno machache: viwanja vinne vimekwenda wapi?

Lilikuwa swali zuri kuliko linavyoonekana. Jibu lililorudi lilisema kwamba siku zile maji yalikuwa mafu, mtumbwi haukuweza kuingia mpaka ndani ya mkono wa bahari, na viwanja vya huko vikaachwa. Lakini vya huko ndani ndivyo wakataji wa boriti wasivyovifikia kwa urahisi. Ukiviondoa, msitu mzima waonekana umekatwa kuliko ulivyokatwa. Mwandishi alirudi akavipima, na hitimisho likabadilika. Nilimuuliza rafiki yangu angeandika nini kama jina lake lingeonekana. Akacheka. "Ningesema ni makala nzuri sana, na kwamba nimejifunza mengi."

Si unafiki. Ni malezi, na malezi hayo yana mema yake ambayo hakuna anayetaka kuyavunja kwa ajili ya jedwali. Kumficha mhakiki humwezesha kijana kubaki mwanafunzi mwenye heshima barazani na kuwa mpimaji mkali mezani. Mwalimu naye husahihishwa bila kuvunjiwa uso.

Jina la mwandishi nalo lina yake. Mwaka 2022 jarida la PNAS lilitoa jaribio ambalo kila mhariri wa huku angelibandika ukutani. Makala moja ya uchumi iliandikwa na watu wawili: Vernon Smith, mshindi wa Tuzo ya Nobel, na mtafiti mchanga asiyejulikana, Sabiou Inoua. Ilipelekwa kwa wahakiki ileile, bila kubadilishwa nukta. Walioonyeshwa jina la Inoua, asilimia 65 walitaka ikataliwe. Walioonyeshwa jina la Smith, 23. Wasioonyeshwa jina lolote, 48. Mtoto wa mtaa wetu wa Langoni anayetuma makala yake ya kwanza yumo kwenye ile 65, tena bila Smith wa kumshika mkono. Anayepigania uwazi kwa niaba yake na amueleze kwanza atapata nini.

Upande wa pili utasema, na utasema kweli, kwamba kuficha kwenyewe hapa kwetu ni nusu tu. Rafiki yangu si alimjua mwalimu wake? Katika fani ndogo majina yetu ni kama lakabu za washairi wa magazetini: kila msomaji amjua mwenye nayo. Nakubali. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kukisia na kuambiwa. Mwalimu anayekisia kwamba ni fulani hana la kumdai, na akikutana naye gatini wote wawili waweza kusalimiana kana kwamba hakuna kilichotokea. Akiambiwa, itambidi afanye kitu.

Tatizo ambalo watetezi wa siri, nami nikiwa mmoja wao, hatulijibu vizuri ni mhariri. Yeye ajua majina yote. Kanuni za maadili za COPE, kamati iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na inayofuatwa na majarida mengi duniani, zamtaka mhakiki aseme mapema kama ana maslahi au uhusiano na mwandishi, asitumie alichokisoma kwa faida yake, wala asishurutishe watu wamnukuu. Ni kanuni nzuri, lakini mwenye kuzisimamia ni mhariri, na kwenye majarida madogo mhariri ni mwenzao wa idara moja, aliyepewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vya kufundisha, bila karani na bila nyongeza ya mshahara. Siri inayolindwa na mtu aliyechoka si siri salama.

Ndiyo maana utaratibu wa sasa wa Nature waonekana kwangu kuwa bora kuliko wa BMJ kwa majarida ya kwetu: ripoti zitoke zote, majina yabaki kwa mhariri. Anayeandika upuuzi atasomwa na watu, na mhariri anayeupitisha upuuzi huo ataonekana pia.

Mwaka jana binti mmoja wa hapa aliyeandika kuhusu majina ya vyombo vya kuvulia alinionyesha ripoti mbili alizorudishiwa. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, na ilimfaa. Mhakiki wa Pili alikuwa na mistari minne: makala haina kina, lugha irekebishwe, na mwandishi ataje kazi tatu muhimu alizozisahau. Kazi zote tatu zilikuwa za mtu mmoja, na hakuna hata moja inayohusu vyombo. Binti alizitaja, maana alihitaji makala itoke kabla ya kutetea tasnifu yake. Ripoti ile ingechapwa pamoja na makala, bila jina lolote chini yake, kila msomaji wa fani angemjua mwenyewe kwa yale marejeo matatu.