Pilipili haileti vidonda vya tumbo, na presha haiitibu

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kijiko cha pilipili ya unga katika glasi ya maji ya uvuguvugu kinazibua mishipa ya moyo, kinashusha presha, kinayeyusha kitambi, na eti kinaweza kumwinua mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo ndani ya dakika moja. Kwa upande mwingine, karibu kila aliyewahi kulalamikia tumbo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ameambiwa neno lile lile: acha pilipili, ndiyo iliyokutia vidonda. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini madhara yake ni mamoja. Zote zinamfanya mgonjwa ahangaike na sahani yake wakati ugonjwa uko kwingine.

Nianze na vidonda, maana hapo ndipo naona watu wengi wakiumia bure.

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, tindikali nyingi na vyakula vikali. Kisha madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha kwamba kwenye matumbo ya wagonjwa wao kulikuwa na bakteria, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake lilikuwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo inajulikana kwamba vidonda vingi vina chanzo kimoja kati ya viwili: bakteria huyo, au dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba takriban watu 70 kati ya kila 100 barani Afrika wanaishi na bakteria huyo. Wengi wao hawatapata kidonda maishani, lakini kwa wanaopata, yeye ndiye mshukiwa wa kwanza.

Pilipili je? Ukali wake unatokana na kapsaisini, inayokaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe. Kapsaisini hushika kipokezi kilichomo kwenye neva, ambacho kazi yake ni kuutahadharisha ubongo pale joto linapozidi nyuzi 43 hivi. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la mwanasayansi wa Marekani David Julius, aliyepata Nobel mwaka 2021, na pilipili ndiyo iliyowaongoza kukifikia. Maana yake ni kwamba ukitafuna pilipili kichaa, ubongo unapewa taarifa ya moto ambao haupo. Ulimi unawaka, jasho linatoka, makamasi yanachuruzika, lakini nyama ya ulimi haijaungua. Tumboni ni hivyo hivyo. Mwenye kidonda akila pilipili atasikia uchungu, tena mkali, kwa sababu kidonda kipo na neva zake ziko wazi. Pilipili imekigusa kidonda, haikukichimba.

Hata hivyo siwezi kumwambia kila mtu ajimiminie. Mwenye kiungulia cha kila usiku, mwenye utumbo unaosokota na kufungua mara kwa mara bila ugonjwa unaoonekana, na mwenye mpasuko wa njia ya haja kubwa, hawa maumivu yao ni ya kweli na pilipili inayaongeza. Wanaoiacha wanafanya vyema. Tena mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Huko Bologna, Italia, jaribio dogo la watu 30 wenye maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda, lililochapishwa mwaka 2002, liliwapa baadhi yao gramu 2.5 za pilipili kwa siku ndani ya vidonge. Mwanzoni wengine walizidi kuumwa. Baada ya wiki kadhaa maumivu yalipungua kuliko kwa wale waliopewa vidonge vitupu, pengine kwa sababu neva zinazochokozwa kila siku huchoka kulalamika. Watu 30 ni wachache mno kujengea tiba. Wanatosha tu kumzuia mtu asiseme kwa uhakika kwamba pilipili huharibu kila tumbo.

Namfahamu mama mmoja, muuza samaki, ambaye aliinyima sahani yake pilipili kwa muda mrefu. Kachumbari yake ilikuwa nyanya na vitunguu tu, na kwenye shughuli alikuwa akiuliza kwanza kama pilau limetiwa kitu. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anameza vidonge viwili vya maumivu ya goti alivyonunua duka la dawa bila cheti, vya aina ile ile inayotoboa tumbo. Hakuna aliyemuuliza habari za vidonge. Kila aliyemshauri aliuliza kuhusu pilipili. Mtu kama huyu anahitaji kipimo cha choo au cha pumzi kinachoonyesha kama bakteria yupo sasa hivi (kile cha damu hakiwezi kutofautisha maambukizi ya leo na ya zamani), na akikutwa naye, apewe antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa kawaida siku 14, na amalize dozi. Anahitaji pia mtu wa kumtafutia dawa nyingine ya goti. Kuacha pilipili hakugusi hata kimoja kati ya hayo, isipokuwa kumpa nafuu kidogo inayomfanya aamini kwamba tatizo linatatuliwa.

Sasa upande wa sifa. Wanaoisifu pilipili hawakosi pa kushika. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya Wachina karibu nusu milioni waliofuatiliwa kwa takriban miaka saba. Waliokula vyakula vya pilipili karibu kila siku walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa asilimia 14 kuliko waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Marekani, mwaka 2017, hesabu za watu zaidi ya 16,000 zilitoa asilimia 13. Italia, katika mkoa wa Molise, watu zaidi ya 22,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka minane, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba waliokula pilipili zaidi ya mara nne kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 23. Nchi tatu, mapishi matatu tofauti, na zote zinaelekea upande mmoja. Si jambo la kupuuza.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyepangiwa kula pilipili. Waliulizwa wanakula nini, kisha wakahesabiwa waliokufa. Anayekula pilipili mbichi kila siku mara nyingi ndiye anayepika nyumbani, anayekula mboga na maharage, anayetoka jasho kazini. Na anayeumwa tayari huenda ameshaiacha, kwa hiyo anahesabiwa upande wa wasiokula. Watafiti hujaribu kurekebisha hayo kwa hesabu, lakini hawawezi kuyamaliza. Kisha kuna suala la kipimo, ambalo mimi huliona zito zaidi. Dodoso huuliza zaidi ni siku ngapi kwa wiki, na siku moja ya pilipili inaweza kuwa matone mawili ya Akabanga, yale mafuta makali ya pilipili ya Rwanda, juu ya maharage huko Kigali, au pilipili mbuzi nzima iliyopondwa kwenye ndimu na kulambwa na mihogo ya kukaanga Tanga. Kwenye karatasi hizo zote ni siku moja.

Tena anayezibeba tafiti hizi hana budi kubeba na dada yao. Mwaka 2019 watafiti waliowafuatilia Wachina zaidi ya 4,500 wenye umri wa zaidi ya miaka 55, kwa miaka 15, walikuta kwamba waliokula zaidi ya gramu 50 za pilipili kwa siku walikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kudhoofika kumbukumbu. Nao hawakupangiwa, waliulizwa tu. Aliyeamini kwamba pilipili huongeza umri kwa sababu ya hesabu za namna hiyo hawezi kuikataa hesabu hii kwa sababu tu haimpendezi. Kwa maoni yangu zote mbili ni dalili za kufuatilia. Hazijafika mahali pa kumwandikia mtu dozi.

Faida ninayoiamini kuliko zote haitajwi kwenye jumbe za WhatsApp. Ni chumvi. Mwaka 2017 madaktari wa Chongqing, China, walichapisha utafiti wa watu 606: wale wanaopenda sana pilipili walikuwa wanakula chumvi chache kuliko wasioipenda, na namba ya juu ya presha yao ilikuwa pungufu kwa takriban 8. Kwenye ubongo, sehemu zinazoamshwa na chumvi na zinazoamshwa na pilipili zinaingiliana, kiasi kwamba chakula chenye ukali huonekana kimekolea hata chumvi ikiwa chache. Hili mpishi yeyote wa pwani analijua kwa mikono yake. Unatumbukiza pilipili mbuzi nzima kwenye mchuzi wa nazi, unaiacha ielee bila kupasuka, unaitoa kabla ya kupakua, na mchuzi unakuwa na harufu na utamu usiohitaji kijiko cha pili cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai, na wengi wetu tunapita hapo bila kujua.

Shida ni kwamba sisi pilipili hatuili peke yake. Embe bichi linachanjwa na kupakwa chumvi na pilipili kwa pamoja. Achari inakaa kwa sababu ya chumvi. Pilipili ya chupa inayowekwa mezani kwenye vibanda vya chipsi mara nyingi imejaa chumvi na sukari. Mwenye presha anayejipongeza kwa kumwaga pilipili ya namna hiyo juu ya chipsi anaongeza kile kile anachotakiwa kukipunguza. Faida ya Chongqing inapatikana kwa mtu aliyeweka pilipili na kupunguza chumvi. Pilipili haifuti chumvi iliyokwisha kuliwa.

Na unga wa pilipili una jambo lake la kuangaliwa. Pilipili iliyoanikwa chini au kuhifadhiwa na unyevu hushika ukungu unaotoa sumukuvu, ile ile ya mahindi na karanga, na sumukuvu hudhuru ini na kusababisha saratani. Rangi nyekundu sana nayo isimdanganye mtu: mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani vyakula zaidi ya 400 baada ya kugundua unga wa pilipili uliochanganywa na rangi ya viwandani. Mimi hununua pilipili kavu nzima, naipasua kuangalia ndani, kisha nasaga mwenyewe.

Vitamini C imo kwa wingi kwenye pilipili mbichi, ila nani anakula za kutosha kuihesabu? Kitambi nacho: majaribio yanaonyesha mwili huunguza nishati kidogo zaidi baada ya pilipili, kiasi ambacho nusu chapati inakirudisha.

Mahali ambapo pilipili imekuwa dawa kamili ni kwenye ngozi. Kuna plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2009, inayobandikwa na mhudumu wa afya kwa wagonjwa wa mkanda wa jeshi ambao maumivu yao ya neva hayakuisha baada ya malengelenge kupona. Inazifanya neva za sehemu ile ziache kupeleka taarifa kwa wiki nyingi. Pana kipimo kinachojulikana, mgonjwa anayejulikana na mtu wa kumsimamia. Kijiko cha unga kwenye glasi ya maji hakina hata kimoja.

Dozi kubwa inaweza kuumiza hata aliye kijana. Madaktari wa Uturuki wameripoti kisa cha mwanamume wa miaka 25 aliyepata shambulio la moyo baada ya kumeza vidonge vya pilipili vya kupunguza uzito. Mishipa yake ya moyo ilijikaza. Mwaka 2023 huko Massachusetts, Marekani, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kula kipande cha chipsi chenye pilipili kali kupindukia katika shindano la mitandaoni. Uchunguzi ulikuta alikuwa na kasoro ya moyo tangu kuzaliwa, ambayo peke yake ilikuwa haijamuua. Visa hivi ni vichache mno na havitoshi kuiogopa kachumbari. Vinatosha kuukataa ule ujumbe wa glasi ya maji, hasa kwa mtu ambaye moyo wake tayari una matatizo.

Huyo ndiye ninayemhofia zaidi: mwenye presha aliyeandikiwa vidonge vya kila siku, akavitumia mwezi mmoja, akajisikia mzima, kisha akaletewa habari za pilipili na shemeji yake. Presha haiumi, kwa hiyo hataona tofauti siku atakapoacha vidonge. Ale pilipili akipenda, apunguze chumvi, ameze vidonge vyake, na kila mwezi apime presha ili aone namba zenyewe. Na kifua kikimbana hadi mkono wa kushoto ukawa mzito, apelekwe hospitali wakati ule ule. Misuli ya moyo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa moja, na hakuna utafiti wowote uliowahi kuonyesha kwamba pilipili inaizuia.