Sina Haja na Karatasi Isiyoguswa Mkasi

Wakusanyaji wa midoli ya karatasi, ile ya kukata kwa mkasi na kuivalisha nguo za karatasi, wana kanuni moja nisiyoipenda: karatasi ambayo haijakatwa ndiyo yenye bei. Ukurasa uwe mzima, msichana na magauni yake yote wamelala pale pale walipochapwa, pasiwe na alama ya mtoto. Mkasi ukishapita, bei inashuka. Muuzaji atakwambia kwa sauti ya chini, "Huyu kakatwa," utadhani anauza gari lililopinduka.

Wangu karibu wote wamekatwa.

Wa kwanza nilimpata soko la Memorial, hapa Moshi, siku niliyokwenda kutafuta mapazia. Mama mmoja wa mitumba alikuwa na boksi la majarida ya Marekani ya miaka ya 1950, anawauzia wafunga karanga. Nikachomoa moja, vipande vikamwagika: koti, kofia, gauni lenye kola, na binti mwenye nywele fupi nyeusi. "Chukua yote, dada, nikupunguzie," akasema, maana aliona nimeshachutama.

Baadaye nikajua binti huyo anaitwa Betsy McCall. Alianza kutokea kwenye jarida la McCall's Mei 1951, na alikuja na kisa kifupi chake, wazazi wake na mbwa wao Nosy. Ukimaliza kusoma, unachukua mkasi.

Sasa mtazame vizuri. Gauni la mdoli wa karatasi hukaa kwa vile vipande vidogo vya mabegani unavyovikunjia nyuma. Sisi tulikuwa tunaviita masikio. Gauni la Betsy wangu lina sikio moja tu la asili. La pili mtoto alilikata kwa bahati mbaya, akatengeneza jingine kwa ukingo wa jarida lile lile na kulibandika kwa gundi. Mpaka leo kwenye bega hilo zinasomeka herufi tatu za tangazo la sijui nini. Karatasi nzima isiyoguswa itanipa wapi kitu kama hicho?

Nilishangaa kujua mchezo huu una umri gani. Mwaka 1810 kampuni ya S. & J. Fuller ya London ilitoa kitabu cha binti Fanny: kichwa kimoja cha karatasi, unakihamisha kutoka vazi hadi vazi kadiri kisa kinavyokwenda. Na kisa chenyewe ni mahubiri matupu, Fanny anapenda nguo kuliko utii, anageuka ombaomba, mpaka ajirekebishe ndipo anarudi kwao. Nadhani watoto waliruka maneno wakaenda moja kwa moja kwenye nguo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo.

Midoli yangu ya utotoni haikuchapwa na mtu. Tulichora kwenye jalada la nyuma la daftari, kwa sababu ndilo gumu, tukakata kwa wembe ulioibwa kwa baba. Upande wa pili wa jalada kulikuwa na jedwali la kuzidisha, kwa hiyo kila mdoli alikuwa na mgongo uliojaa saba mara nane. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Huenda ndiyo maana nawakusanya wa watoto wengine.

Kuwatunza nimejifunza kwa maumivu. Karatasi za majarida ya bei nafuu zina asidi ndani yake, zenyewe zinajigeuza kahawia na kukatika, na jua linaharakisha. Selotepu ni adui, gundi yake inaacha doa lisilotoka. Lakini aliyeniliza zaidi ni kijana wa steshenari moja karibu na stendi. Nilimpa mdoli amtolee kopi. Akanirudishia kopi, na mdoli mwenyewe akiwa ndani ya plastiki, amepigwa laminesheni. "Nimekufanyia bure, mama, asiharibike." Ile ni gundi iliyoyeyushwa kwa moto, haivuliki. Nilimshukuru, ningefanyaje, nikatoka nje nikakaa kwenye kibaraza.

Tangu hapo napiga picha mwenyewe kwa simu, mchana, karibu na dirisha, na ninawagawia watu. Hapo nakuwa mwangalifu. Betsy simtumi hovyo, kazi hizo bado zinaweza kuwa na wenyewe. Ila kwa sheria ya Marekani, vilivyochapishwa huko kabla ya 1930 ni mali ya kila mtu, kwa hiyo Lettie Lane, mdoli wa karatasi wa jarida la Marekani la 1908, namtuma kwa yeyote anayemtaka. Anayeficha karatasi ya miaka zaidi ya mia kabatini, akingoja bei ipande, simwelewi. Mende hawangoji bei.

Juzi nilimtuma Lettie kwa watoto wa kaka yangu walioko Njiro, Arusha. Wakaprinti kwenye karatasi ya manila. Jioni mdogo wao akanipigia simu analia: "Shangazi, magauni yote yanaanguka!" Kumbe alikuwa ameyakata masikio yote, moja baada ya jingine, kwa sababu aliona yanaharibu umbo la gauni.

Nikamwambia achukue unga wa ngano na maji kidogo, apike uji mzito wa kubandikia, akate vipande vya daftari. Kesho yake nikatumiwa picha. Kila gauni lina masikio mapya yenye mistari ya bluu, na moja limewekwa kichwa chini.